Bisibisi Anastaafu, Kadi Yake Hairudi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu wa kompyuta atasaini daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia idara yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, chini ya wakurugenzi sita, katika chumba kile kile cha ghorofa ya chini kinachopakana na pampu, ambako ukiongea na simu lazima uzibe sikio moja. Jina lake kamili mtalikuta kwenye kadi ya mwaliko. Humu ndani hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Bisibisi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila bisibisi kwenye mfuko wa shati, na kwa sababu ukimuuliza hali asubuhi hukujibu, "Bado sijalegea."

Mimi ni mchoraji ramani, na nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa. Ofisi ya Utawala imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimeambiwa niandike "kitu kichangamfu, chenye vichekesho kidogo." Vichekesho vipo na nitavitoa. Vikiisha, mtaniwia radhi.

Bisibisi aliajiriwa kutengeneza taipureta. Mwaka wake wa tatu kazini ililetwa kompyuta ya kwanza, ikakaa wiki tatu ndani ya boksi lake kwenye korido, watu wakiipita kwa mbali kama jeneza. Kila mkubwa alikuwa akisubiri mkubwa mwingine aifungue. Bisibisi akaomba kile kijitabu cha maelekezo, akakisoma siku mbili wakati wa chakula cha mchana, siku ya tatu akaiwasha. Karani wa masijala aliyekuwa mlangoni alipoona skrini imewaka alipiga makofi. Tangu hapo Bisibisi hakurudi tena kwenye taipureta.

Yeye ndiye aliyeunganisha matawi yetu yote kumi na moja, akipanda mwenyewe kwenye dari kuvuta kebo. Yeye ndiye aliyeitwa na mhasibu aliyelalamika kwamba kompyuta yake inapiga chafya, akaifungua na kumkuta mjusi amehamia pembeni mwa feni pamoja na familia yake. Aliwahamisha mmoja mmoja hadi bustanini, na mhasibu akamwomba aandike kwenye ripoti kwamba tatizo lilikuwa "la kimazingira."

Kuna siku skrini ya mkurugenzi ilizimika saa chache kabla ya wageni kufika. Ghorofa nzima ya tatu ilishikwa na kiwewe. Bisibisi alipanda, akaona mara moja kwamba waya umechomoka, na aliyeuchomoa kwa mguu ni mkurugenzi mwenyewe. Hakusema. Alilala chini ya meza dakika kumi, akigonga hapa na pale, kisha akatoka anajipangusa jasho na kusema tatizo lilikuwa kubwa lakini limekwisha. Mkurugenzi alistaafu akiamini hivyo. Bisibisi alinisimulia siku ile ile, akacheka hadi akashika ukuta. "Mtu mzima humwachi uchi mbele ya watu, Mama Ramani," aliniambia. Siku hizo alikuwa akiniita Mama Ramani.

Vichekesho vimeisha.

Karibu miaka saba iliyopita idara ilinunua programu mpya ya ramani. Badala ya mistari ya bluu kwenye karatasi, tungeyaona mabomba yalivyolala ardhini, moja juu ya lingine, na kuyageuza huku na kule kama mtu anayekagua kiazi sokoni. Zikaja pamoja nayo kompyuta mpya kumi na tano. Zote zilipanda ghorofa ya tatu, ambako hadi leo zinaandikiwa barua na kutazamiwa matokeo ya mpira. Chumba cha ramani, ambacho ndicho kilichonunuliwa programu, kilibaki na kompyuta yake ya mezani ya miaka kumi.

Niliomba mashine mpya mara tatu kwa maandishi. Jibu la kwanza lilisema ombi limepokelewa. La pili lilisema nirejee jibu la kwanza. La tatu lilikuwa na maneno mawili: "Subiri mgao."

Nikawa nasubiri. Nikiifungua ile programu, skrini ilijaa michirizi, ikaganda, na mimi nikabaki nimekishikilia kipanya kama mtu aliyeshikilia mkono wa mgonjwa. Wakati huo huo mkuu wa kitengo chetu alitaka ramani ya ukanda wa hospitali ndani ya mwezi. Nilimwambia mashine haiwezi. Akaniambia, "Wewe ndiye mtaalamu, tafuta njia."

Nilishuka kwa Bisibisi. Naandika hili kwa makini, kwa sababu ndilo jambo ambalo halikuwahi kuandikwa popote: mimi ndiye niliyeshuka. Nilimwambia, "Kaka, nisaidie. Fanya lolote, ifungue, ikate, mimi nataka ichore tu."

Alikuja, akaondoa ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akamulika kwa tochi. Akanieleza kama anavyomweleza kila mtu, bila kumfanya ajione mjinga. Mashine yenyewe, alisema, ina akili ya kutosha. Kumbukumbu angeweza kuiongeza kutoka kwenye mashine zilizokufa. Shida ni picha. Haikuwa na kadi yake ya michoro, kile kipande kinachofanya kazi moja tu ya kuchora vinavyoonekana kwenye skrini. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na kidude kidogo kilichomo kwenye ubao mkuu, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya barua na hesabu. "Unambebesha kochi mtoto wa chekechea," alisema.

Alipekua stoo ya vifaa vibovu, hakupata kadi ya maana. Akaandika ombi kwa jina lake. Likarudi: vipuri vya ndani havimo kwenye orodha ya manunuzi.

Jumatatu iliyofuata alikuja na kadi imeviringishwa kwenye mtandio wa mke wake. "Ilikuwa nyumbani imekaa tu," alisema. "Itumie wiki tatu, mpaka wakununulie." Nilifurahi mno, sikuuliza imetoka wapi.

Aliifunga asubuhi ile ile, nami nikamshikia tochi. Kwanza alikigusa chuma cha kasha ili kutoa umeme wa mwilini, akanilazimisha nami niguse. Kisanduku cha umeme cha mashine yangu kilikuwa kidogo, lakini kadi yake haikuhitaji waya wa ziada. Ilijilisha kwenye tundu lake lenyewe. Tatizo likawa urefu. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi, ikagota kwenye fremu inayobeba diski. Mtu mwingine angesema haiingii. Yeye aliifungua ile fremu skrubu kwa skrubu, akaihamishia diski juu, mahali pa kisomeo cha sidii ambacho hakuna aliyekikumbuka, akakunja nyaya zikae kando zisiguse feni. Kisha akaibonyeza kadi polepole hadi ikalia "tap", akaikaza kwa skrubu moja.

Tukawasha. Skrini nyeusi.

Nilifikiri tumeiua mali ya serikali. Bisibisi akaenda nyuma ya mashine, akatazama, akaanza kucheka. Kebo ya skrini nilikuwa nimeirudisha mimi kwenye tundu lake la zamani, la ubao mkuu. Akaichomeka kwenye kadi, na mwanga ukaja. Aliondoa programu ya zamani ya michoro, akaweka ile ya kuitambua kadi mpya, akawasha upya, akaniachia kiti. Niliifungua ramani, nikaigeuza. Ikageuka. Bomba kuu, matawi, vali, mitaro, vyote vikazunguka mbele yangu bila kukwama hata kidogo. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Mkuu wa kitengo naye alikuja, akasimama nyuma yangu, akatazama mabomba yakizunguka, akasema, "Safi sana. Umefanyaje?" Nikamwambia kadi imetoka nyumbani kwa Bisibisi. Akasema tena, "Safi sana."

Miezi minne baadaye bomba kuu lilipasuka karibu na hospitali. Barabara iligeuka mto, na wodi ya wazazi ikakauka. Mafundi walichimba pale ramani ya karatasi ilipoonyesha vali ya kufungia, wakakuta udongo mtupu. Walichimba tena hatua tano mbele, udongo. Nilikuwa kwenye simu na msimamizi wao, namsikia akitukana upepo. Kwenye skrini nikaiweka barabara ya zamani juu ya mpya, nikainamisha picha, nikatazama kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo mashine yangu ya awali isingeliweza hata kwa kubembelezwa. Barabara ilikuwa imepanuliwa. Vali ilikuwa mita kumi na moja upande wa pili, chini ya matofali mbele ya duka la dawa. Niliwaambia wachimbe pale. Kabla ya saa nane mchana walikuwa wamelifunga bomba, na hospitali ikapelekewa maji kwa njia nyingine. Mkunga wa zamu alipiga simu ofisini kushukuru. Alisema walikuwa wamebakiza ndoo mbili.

Mkuu wa kitengo alipewa cheti chenye fremu, kwa "uongozi wenye kuona mbali." Kipo ukutani kwake. Bisibisi alikipigilia msumari yeye, kwa sababu ndiye mwenye nyundo.

Kisha ukaja ukaguzi wa mali. Mkaguzi alifungua mashine yangu akalinganisha na rejista, akakuta kadi isiyokuwemo. Akauliza nani amevunja lakiri, ile karatasi ya muhuri inayofunga kasha. Mkuu wa kitengo akasema hana habari. Kikaitishwa kikao cha nidhamu.

Niliitwa kama shahidi. Kulikuwa na meza ndefu, watu watano upande mmoja, Bisibisi peke yake upande wa pili, na mimi nikawekwa kwenye kiti cha pembeni. Wakati huo jina langu lilikuwa limependekezwa kwa cheo cha mchoraji mwandamizi, na aliyetakiwa kusaini pendekezo hilo alikuwa mkuu wa kitengo, ambaye alikaa viti viwili kutoka kwangu akinitazama. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ulimwomba fundi aifungue mashine hii?"

Nikasema, "Mimi niliripoti tu kwamba mashine ni nzito. Sikujua angefanya nini."

Bisibisi aliniangalia mara moja. Kisha akaitazama mikono yake. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema, "Sina."

Alipewa barua ya onyo kwa kuingilia kifaa cha ofisi bila idhini. Alikuwa ndiye anayefuata kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Barua ile ikamwondoa kwenye orodha, na nafasi akapewa mtu ambaye Bisibisi mwenyewe alimfundisha kutofautisha kebo ya mtandao na ya simu. Kuhusu kadi, kikao kiliamua isitolewe, maana ikitolewa ramani zingesimama. Ikaingizwa kwenye rejista. Ikabandikwa namba. Kwa hiyo alikuwa na hatia ya kuiweka, na kadi ikawa yetu.

Miezi minne baadaye nilipata cheo changu.

Kwa miaka sita Bisibisi aliendelea kuja chumbani kwangu kila baada ya miezi mitatu kuipuliza vumbi ile mashine. Hakuruka hata mara moja. Tuliongea kuhusu feni na joto. Lakini hakuniita tena Mama Ramani. Aliniita Afisa. Mara ya kwanza nilidhani ni utani. Baadaye nikajiambia amesahau, maana ni mtu mwema, na watu wema husahau. Nilijiambia hivyo kwa sababu ilinifaa.

Mwanzoni mwa mwezi huu hatimaye nililetewa kompyuta mpya, ile ya zamani ikapelekwa stoo. Siku mbili baadaye mke wake alikuja ofisini kuulizia orodha ya waalikwa. Ni mshonaji, mchangamfu kuliko mumewe, na huniita wifi kwa sababu namwita mumewe kaka. Tulipomaliza orodha akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, ile kadi kweli haitarudi? Ameandika barua, wamemkatalia."

Nilimwambia sikujua kwamba ameiomba. Akanieleza. Ilikuwa kwenye kompyuta ambayo binti yao aliiacha alipoolewa, na Bisibisi alikuwa akiitumia kusafisha mkanda wa zamani wa arusi ya dada yake. Kwenye mkanda huo mama yao, ambaye ni marehemu, anaonekana akicheza kwa muda usiofika dakika moja. Hakuna mahali pengine popote anapoonekana akitembea. Picha yenyewe imejaa chembe nyeupe kama theluji na rangi zimekimbia, na alikuwa akiirekebisha kipande kwa kipande. Alipoing'oa kadi kazi ilisimama, kwa sababu bila hiyo ile programu ya video haifunguki.

"Sasa mbona hakutafuta nyingine?" nilimuuliza. "Miaka sita yote, wifi?"

"Unamjua mwenzako alivyo mbishi. Anasema hawezi kutafuta kitu ambacho anacho. Alikuwa akisema akistaafu watampa tu, hawatakuwa na sababu ya kumnyima." Akafunga mkoba wake. "Dada yake aliyekuwa bibi arusi alifariki mwaka jana. Alikuwa akiulizia huo mkanda kila akija."

Alipoondoka niliandika maelezo ya ukurasa mmoja: kwamba nilimwomba mimi, kwamba mkuu wa kitengo alijua, kwamba mbele ya kikao nilidanganya. Niliyapeleka Utawala kwa mkono wangu. Afisa aliyasoma akayarudisha juu ya meza upande wangu. "Faili lake linafungwa mwisho wa mwezi," alisema. "Mambo ya miaka sita unayafukua ya nini? Na wewe mwenyewe utajiharibia. Mwandikie wasifu mzuri, inatosha."

Nikaenda stoo kuulizia mashine yangu ya zamani. Mtunza stoo alinionyesha sakafu tupu. Vifaa vyote chakavu vilipakiwa kwenye lori Jumanne kwenda kusagwa. Nikamuuliza kama kuna aliyetoa kadi kabla. Akashangaa. "Kadi ina namba ya ofisi, Afisa. Nitaitoaje?"

Nilishuka kwa Bisibisi siku ile ile, saa nne asubuhi. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye maboksi, pampu zinanguruma, ikabidi niseme kwa sauti kubwa mambo ambayo mtu hupenda kuyasema kwa kunong'ona. Nilimwambia kila kitu: kikao, cheo, maelezo yaliyokataliwa, lori. Nikamwambia anisamehe. Yeye alikuwa akikunja kebo, na aliendelea kuikunja hadi ikaisha, akaifunga kwa uzi.

"Nilijua uliogopa," alisema. "Yule bwana alikuwa amekukalia kooni, nilimwona. Mtu akiogopa simlaumu. Lakini nilidhani ungeshuka. Si siku ile. Siku yoyote. Ni ngazi kumi na nne tu, Afisa."

Nilikuwa nimesimama mbele ya boksi lake, akaniomba nisogee kidogo alifunge.

Wakubwa wanaosoma hapa watauliza nani aliruhusu maneno haya yachapwe. Ratiba hii inachapwa kwenye mashine iliyomo chumbani kwangu, na nimeichapa mimi. Kwa hiyo kumbukumbu ziwe sawa, hata kama faili limefungwa: fundi huyu hakuvunja utaratibu wowote kwa manufaa yake. Aliombwa, akatoa chake, hospitali ikapata maji, wengine wakapata cheti na cheo, yeye akapata onyo. Aliyemwomba ni mimi. Aliyemkana ni mimi.

Kwa niaba ya matawi kumi na moja, na mafundi wa bomba, na masijala, na yule mhasibu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ambayo hatukuwahi kukaa gizani siku mbili mfululizo. Tunamshukuru wifi yangu kwa kutuazima mume na mtandio. Pumzika, kaka. Uwe na afya, uwe na asubuhi ndefu zisizo na kelele za pampu, na Mungu akupe majirani ambao, siku wakiulizwa habari zako, watasema ukweli.